Picha Ambayo Sikuipata Buswahili

Jumamosi, saa nane mchana. Kitaji, Musoma.

Mvua imenyesha toka alfajiri mpaka saa nne, halafu jua likatoka kali kama vile hakuna kilichotokea. Nje ni matope matupu. Nguo nilizofua jana jioni bado ziko kwenye beseni. Sijazianika na sina haraka nazo.

Leo hakuna picha. Najua ninyi mnaofungua ukurasa huu mmezoea kukuta picha tatu au nne na maneno mawili chini yake. Mniwie radhi. Leo nina maneno tu, na ninayaandika hapa kwa sababu humu ndani hakuna wa kumwambia.

Nimemdanganya mume wangu.

Neema mwanangu, kama umefungua huko Mwanza, usimpigie baba yako simu kwanza. Soma mpaka mwisho.

Kwa mgeni ambaye hatujui: mume wangu anaitwa Wambura, na alikuwa mchora mabango. Zaidi ya miaka thelathini alikuwa akiandika maneno ya watu kwenye kuta za watu. Saluni, maduka ya dawa, mashine za kusaga, hoteli, bucha. Kona ya chini kulia aliwekaga jina lake kwa herufi ndogo, Wambura Arts. Kama umewahi kupita Nyasho ukaona kuku amechorwa kwenye ukuta wa hoteli, anatembea kama amechelewa kazini, yule kuku ni wake.

Mwaka juzi kiharusi kilimkuta juu ya ngazi, anaandika ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Neno lilikuwa SARUJI. Alifika kwenye J. Mwenye duka baadaye alimtafuta mtu mwingine amalizie, na mpaka leo ukipita pale utaona I ya mwisho haifanani na wenzake.

Mkono wa kulia ulikufa. Mguu anauburuta. Maneno anayo, yanatoka polepole na mdomo umepinda, lakini anaeleweka akitaka. Shida ni kwamba hakutaka.

Hapo ndipo televisheni ilipokaa katikati yetu.

Tulikuwa tunaiwasha asubuhi kabla hata ya chai. Magazeti, mahubiri, katuni, tamthilia, marudio ya tamthilia, taarifa ya habari, mpira. Nilijua mtoto wa yule tajiri kwenye tamthilia ya Kituruki ni wa nani hasa, lakini sikujua kuwa mjukuu wa Mama Bwire, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ameshaanza kutembea. Nilipomwona uwanjani nikauliza huyu ni mtoto wa nani. Mama Bwire alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kama angenicheka.

Niseme ukweli wote leo. Televisheni ilinifaa mimi kuliko ilivyomfaa yeye. Sauti ikiwa juu nilikuwa sisikii akilia.

Halafu nguzo ya umeme ikaanguka, tukakaa siku mbili bila umeme. Siku ya kwanza tulikaa palepale, tunakitazama kioo cheusi, tunajiona sisi wenyewe ndani yake: mwanamume amekaa upande na mwanamke ameshika kidevu. Siku ya pili nikamwomba Mama Bwire aje akae naye kidogo, nikasema naenda dukani kununua chumvi.

Sikununua chumvi. Duka nilipita, nikaendelea. Nilitembea mpaka Mwigobero, kando ya ziwa.

Nimeishi Musoma miaka ishirini na saba. Sijui nilikuwa natazama wapi. Korongo wamesimama pale wanaposafishia samaki kama maofisa wanaosubiri mtu aseme kikao kimeanza. Mama mmoja anageuza dagaa juani kwa fagio, anaimba wimbo wa kanisani, akifika mahali asipoyajua maneno anapiga mluzi. Mwanamume amelala juu ya mwamba, viatu amevivua na kuvipanga vizuri pembeni kama yuko nyumbani kwake. Nilisimama nikitazama kila kitu. Nilihisi kama mtu aliyetolewa bandeji machoni.

Wakati wa kurudi nilipitia Iringo, na kwenye mashine moja ya kusaga nikakuta maneno TUNASAGA NA KUKOBOA, herufi zimepauka, ile S ina mkia mrefu kama wa panya. Chini kulia, Wambura Arts.

Nilisimama pale kama nimekutana na ndugu niliyeambiwa amefariki. Nikatoa simu nikapiga picha.

Nyumbani nilimwekea simu kwenye mkono wake wa kushoto. Aliitazama muda mrefu.

"Wapi?" akauliza.

"Iringo. Kwenye mashine."

"Hapo nilikuwaga na wewe." Alipumzika kidogo, maneno yanamchosha. "Ulinishikia ngazi. Tumbo kubwa."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa na mimba ya Neema, na mwenye mashine alikuwa akinigombeza nikae chini, na mimi nimeng'ang'ania ngazi kwa sababu niliona inayumba. Wambura alikuwa ameyashika yote hayo kichwani, na mimi nilikuwa nadhani kichwa kile hakina kitu.

Umeme uliporudi, sikuwasha. Nilimwambia tutawasha saa ya habari tu. Akasema sawa.

Basi ikawa kazi yangu. Kila siku nikishamwogesha na kumpa uji, Mama Bwire anakuja na ukindu wake anasuka palepale barazani, mimi natoka kwa saa moja hivi. Mukendo, Nyasho, Bweri, mpaka vichochoro ambavyo sikuwahi kuvipita. Natafuta mkia wa S. Nikirudi tunakaa tunatazama, ananieleza huyu alikuwa mkorofi, huyu alinipa chakula, hii rangi niliichanganya mwenyewe. Nikaanza kuziweka kwenye status. Neema akanifungulia ukurasa huu. Watu nisiowajua wakaanza kututumia za kwao.

Dada yangu wa Bunda alituma picha ya bucha karibu na stendi. Ng'ombe mwekundu, meno yote nje, anacheka. Wambura alipoiona alicheka pia, nusu ya mdomo, machozi yakamtoka.

"Mwenye bucha alitaka ng'ombe mwenye furaha," akasema. "Nikamwambia, mzee, huyu ndiye anachinjwa. Akasema, wewe chora."

Mwalimu mmoja wa Bugwema naye alituma ukuta wa darasa wenye ramani ya Tanzania, na Ziwa Victoria limekuwa kubwa mpaka limeisukuma Tabora. Nikamuuliza Wambura ilikuwaje. Akanijibu, "Rangi ya bluu ilibaki nyingi."

Nilikuwa na furaha. Naliandika neno hilo kwa aibu, kwa sababu mume wangu ni mgonjwa na hatapona, daktari alishatuambia. Lakini niliamka asubuhi nikiwa na mahali pa kwenda. Nilipita mjini nikisalimiana na watu. Nilipiga picha hata vitu visivyo vyake: gunia la pilipili, paka kwenye kiti cha kinyozi, masista wawili wanagawana muhindi wa kuchoma. Hakuna aliyenituma. Nilivipenda tu.

Ingekuwa vizuri nikomee hapo.

Yalianza kufutika. Ile mashine ya Iringo, kampuni moja ilikuja ikapaka jengo zima rangi yake, kuanzia chini mpaka kwenye bati. Saluni mbili za Nyasho zilibandika mabango ya kuprinti yenye picha za wanawake wa Ulaya. Kila wiki nilikuwa napita mahali nilipoacha kazi yake nakuta ukuta wa mtu mwingine. Sikumwambia. Nilikuwa namwonyesha zilizobaki, na zilizobaki zilikuwa zinapungua.

Siku moja akaniambia nikampigie tena yule kuku wa hotelini, karibu zaidi, anataka kuiona miguu. Nilikwenda. Kuku alikuwa amefunikwa na turubai la kuprinti lenye chipsi na soda. Nilirudi nikamfungulia picha yangu ya mwanzo.

Akaitazama kidogo tu.

"Hii ya zamani. Hiyo baiskeli hapo pembeni ilikuwepo siku ile."

Akanigeukia.

"Wamefuta?"

"Wamefunika."

Alinirudishia simu. Akanyoosha kidevu kuelekea televisheni. Nikawasha.

Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita. Ninyi mlioendelea kuona picha hapa, zilikuwa zangu peke yangu. Alikuwa hazitazami. Mimi nilikuwa natoka bado, na nilikuwa nafurahi bado, na nikirudi namkuta pale nilipomwacha, mwanga wa televisheni unampita usoni mara bluu mara mwekundu. Nilijiona kama mke anayetoka na mtu mwingine.

Jumatatu ya wiki hii alipunguza sauti yeye mwenyewe. Nilikuwa nachambua mchicha. Nikageuka kwa sababu ya kimya.

"Mama Neema," akasema. "Kuna ya Buswahili."

Kwao ni Buswahili, huko Butiama. Alinieleza kitu ambacho katika ndoa yote hii alikigusia mara moja au mbili tu. Akiwa na miaka ishirini na miwili, kabla hajanioa, paroko alimpa ukuta wa nyuma ya altare katika kanisa la kigango chao, achore Yesu anawalisha watu elfu tano. Hakuwa na mfano wa kuigilizia. Akawachora watu wa kijiji. Aliwaweka wote mle, wameketi kwenye majani. Na katikati, mwanamke anayepokea mkate wa kwanza kuwagawia wengine, alimweka mama yake.

Mama mkwe wangu nilimkuta hai. Tuliishi naye kidogo, alifariki mwaka uliofuata baada ya Neema kuzaliwa. Hakuwahi kupigwa picha. Siyo kwamba alikataa, ni kwamba hakuna aliyefika na kamera.

"Uso wake umenipotea," Wambura akasema. "Tangu niugue. Nikifumba macho naona kanga tu."

Nikamwambia nitakwenda.

Jana nilipanda gari la asubuhi pale Bweri mpaka Butiama, kisha pikipiki. Sikupiga picha hata moja njiani, nilikuwa natunza chaji. Mihogo imestawi upande ule, na mvua imeifanya barabara kuwa nyekundu ya kung'aa. Nakiri nilikuwa na furaha nyingi. Nilikuwa nimeshapanga nitaisafishia picha yake Mukendo, kubwa, niiweke kwenye fremu.

Kigangoni nilimkuta katekista anafyeka majani. Mzee wa kama miaka sitini na zaidi, mwembamba, amefunga taulo shingoni.

"Shikamoo baba."

Aliweka fyekeo chini, akaipokea salamu yangu kwa mikono miwili. "Marahaba mama. Karibu. Umetoka mbali?"

Nikajitambulisha kuwa ni mke wa Wambura mchoraji. Uso wake ukafunguka wote. Aliuliza hali yake, nikamweleza, akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu nikamwambia nimekuja kupiga picha ukuta wa altare.

Alinitangulia tu ndani.

Kanisa ni zuri, sitasema uongo. Lina marumaru chini na madirisha ya alumini. Lilikuwa refu kuliko nilivyotegemea. Nyuma ya altare kuna ukuta mweupe, na msalaba wa mbao, na pazia la zambarau pembeni.

"Waumini waliongezeka," katekista akasema. "Ikabidi tusogeze nyuma. Ule ukuta tuliubomoa mwaka jana, kabla ya Pasaka."

Nilimsikia vizuri lakini nikamwomba arudie.

"Tuliubomoa, mama. Hata baba yangu alikuwemo. Wambura alimchora ameshika samaki, na mzee yule maisha yake yote ni mchunga ng'ombe, samaki alikuwa hamli hata. Tulimtaniaga mpaka anakufa." Akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Siku ya kubomoa mimi nilisimama nje. Nilisikia tu."

"Hakuna aliyepiga picha? Hata mmoja?"

Alinijibu kwa upole, kama mtu anayeomba msamaha kwa niaba ya wote.

"Mama, kitu unachokiona kila Jumapili tangu ujana wako, nani anakipiga picha?"

Mwaka jana, kabla ya Pasaka. Wambura alikuwa ameshaugua. Ukuta ulikuwa umesimama bado, na sisi wawili tulikuwa sebuleni kwetu, tunatazama marudio.

Katekista alihangaika kwa ajili yangu. Alimpigia binti yake aliye Musoma, naye akatafuta kwenye simu yake, akatuma picha moja ya kwaya siku ya kipaimara. Kwaya imejipanga mistari mitatu mbele ya altare. Juu ya vichwa vyao unaona anga la bluu na mkono wa Yesu ulioinuliwa. Watu elfu tano wote wako nyuma ya kwaya. Pale katikati, anapopaswa kuwa mama mkwe, amesimama mwimbaji wa besi mwenye mabega mapana, amefungua mdomo.

"Kifusi mlikipeleka wapi?" nikauliza.

"Hapo chini kwenye barabara. Palikuwa pananasa magari."

Nilikwenda. Nilikuwa na kijiti, nikawa nachokonoa. Vipande vingi vilikuwa vimesagika vikawa udongo. Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya maji kichwani, akasimama.

"Umepoteza nini, mama?"

"Hereni," nikamwambia.

Akaweka ndoo yake chini, akainama kunisaidia kutafuta hereni. Nilimwacha atafute. Sikuwa na namna ya kumweleza. Tuliinama wawili pale barabarani, yeye anaangalia kitu kidogo kinachong'aa, mimi naangalia uso.

Nilipata kipande kimoja cha plasta, ukubwa wa kiganja, chenye rangi ya kahawia iliyoungua. Kinaweza kuwa shavu. Kinaweza kuwa kapu, au mwamba, au mguu wa mtume. Nikakitia kwenye mkoba. Mwanamke akaniambia pole, hereni nyingine utapata.

Njiani nilijizoeza maneno ya kumwambia. Nilianza na "Baba Neema, kuna jambo," nikaona baya. Nikajaribu "wamelikarabati kanisa." Nikajaribu kuanza na yule mzee aliyechorwa na samaki, ili acheke kwanza. Mpaka tunafika Bweri nilikuwa nimeshayapanga, na nilitembea haraka kuelekea nyumbani yasije yakanitoka.

Nilimkuta amekaa nje.

Hajakaa nje tangu augue. Hataki watu wamwone. Jana alikuwa kwenye stuli mlangoni, amevaa shati la kitenge ambalo alizoea kuvaa kanisani, ndevu zimenyolewa. Mama Bwire akaniambia kwa sauti ya chini amekuwa pale tangu saa saba, alimwomba amnyoe, alimwomba shati. Ndani televisheni ilikuwa imezimwa.

"Umeipata?" akaniuliza kabla sijafika.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nayo maneno yote.

"Kanisa limefungwa," nikasema. "Katekista amesafiri na funguo. Anarudi wiki ijayo."

Nilitegemea avunjike moyo. Nilikuwa tayari kwa hilo. Yeye alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa lakini linakuja.

"Iko palepale," akasema. Halikuwa swali.

"Iko palepale."

"Utarudi lini?"

"Jumanne."

Mama Bwire aliniangalia. Ameishi na mimi jirani miaka mingi, anajua sauti zangu. Alikusanya ukindu wake akaondoka bila kuaga.

Usingizi sikupata, lakini siyo hilo ninalotaka kuandika. Ninalotaka kuandika ni la leo.

Asubuhi wakati mvua inanyesha alikunywa uji wote. Kisha akaniambia nimletee karatasi na penseli. Nilidhani sikusikia. Daktari alisema, mimi nilisema, Neema alilia kwenye simu akisema, baba jaribu hata kwa mkono wa kushoto, na siku zote alikuwa anageuza uso ukutani. Leo ameomba mwenyewe. Nilimpa daftari la hesabu za shule alilolisahau mtoto wa jirani na penseli ya kwenye droo. Nikamwekea ubao wa kukatia mboga mapajani.

Anamchora mama yake. Anasema anataka awe ameshaanza kabla picha haijaja, ili ikija alinganishe.

Mistari inatetemeka. Karatasi ya kwanza aliichana. Ya pili aliichana. Ya tatu akaniita.

"Njoo uone."

Kulikuwa na duara lililokaa vibaya na macho mawili. Macho ya mtu yeyote. Nikasema ni nzuri.

"Siyo yeye," akasema, na hakukasirika. Ndilo lililonimaliza, hakukasirika. "Nikiiona ile ya ukutani, mkono utakumbuka. Jumanne, sivyo?"

"Jumanne."

Nimejaribu mara mbili leo. Mara ya kwanza nilimwita, "Baba Neema," akainua macho kutoka kwenye karatasi, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa mtu uliyemkatisha kazi. Nikamuuliza kama anataka chai. Mara ya pili nilisimama nyuma ya mlango na ile picha ya kwaya wazi kwenye simu, nikawaza labda nianzie hapa, labda anga na mkono vitamtosha. Nikarudi jikoni.

Miaka miwili nimeomba aamke. Nimewasha mishumaa. Nimetembea mji mzima nikitafuta kitu cha kumwamsha, na kilichomwamsha ni ukuta ambao uko chini ya matairi ya magari. Nikimwambia, namrudisha kwenye kiti, na safari hii sidhani kama atatoka tena. Nisipomwambia, kuna Jumanne, na baada yake kuna Jumanne nyingine. Funguo zitasafiri mara ngapi? Na wengine wenu mnamjua. Mmoja wenu atamtembelea, atamwambia pole kwa ule ukuta.

Kile kipande cha plasta nimekifunga kwenye kitenge, kiko chini kabisa ya sanduku. Nimekitazama mara nyingi. Hakina uso.

Kesho ni Jumapili. Nikitoka ibadani, kabla sijaingia jikoni, kabla hajashika penseli, nitamwambia. Naliandika hili hapa mbele yenu ili nisipate pa kukimbilia. Naliandika, na hapo hapo sijiamini.

Ameniita tena, nimeacha kuandika nimekwenda.

"Mama Neema," ameniuliza, penseli iko hewani, "lile kovu la mama. Lilikuwa shavu gani?"

Nimemtazama. Nilikaa na yule mama nyumba moja, nilimlisha alipougua, nilimwosha alipokufa.

"La kushoto," nimemwambia.

Akaliweka kushoto.

Sikumbuki.